Faili Moja Iliyobakizwa

Nilipostaafu utumishi wa serikali na kurudi nyumbani karibu na Ikonge, nilitaka programu ya muziki yenye tabia ya karani mwema: icheze faili niliyoitaja, kwa mpangilio nilioutoa, kisha inyamaze. Kompyuta yangu hutumia mfumo wa Unix, na programu za aina hiyo zipo tele. Moja ilitaka kunionyesha mapicha. Nyingine ilidai mtandao kwanza, utadhani wimbo ulio ndani ya nyumba yangu huombewa ruhusa nje. Nikachagua ndogo kuliko zote, isiyo na dirisha wala kitufe. Unaandika jina la wimbo, nayo inaucheza.

Folda niliyoijali ilikuwa moja. Marehemu mke wangu aliimba soprano katika kwaya ya kanisa letu, na kwaya hiyo iliimba wimbo uleule wa Ekegusii, lugha yetu, katika kila mazishi, kuanzia hapa hadi Keumbu. Nilirekodi kila mara. Kanda zilipoanza kuota ukungu nilizihamishia kwenye kompyuta na kuzitupa, kila faili ikiwa na tarehe na jina la boma. Wimbo ulikuwa mmoja, lakini yeye hakuwa yuleyule: hapa ana mafua, pale anakaribia kucheka kabla ya ubeti wa pili.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, hufanya kazi ya kompyuta mjini Kisii. Aliitazama programu yangu akatabasamu, akaniita kwa jina la heshima la baba mkwe.

"Tatabiara, hii ni ya enzi za taipureta. Niachie nikuwekee ya kisasa. Inapanga nyimbo yenyewe."

"Nyimbo zangu zimeshapangwa," nilimjibu.

"Hutagusa kitu. Utakaa tu usikilize, kama chifu."

Niliporudi kutoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha ununuzi, alikuwa amemaliza na kuondoka. Sabato iliyofuata, baada ya ibada, niliifungua folda. Faili moja. Taarifa ya programu ilieleza yote: iliuliza kama ifute nakala zinazojirudia za wimbo mmoja, na mtu akabonyeza ndiyo. Iliyobakizwa ni ile yenye sauti safi kuliko zote, iliyorekodiwa kwa simu mpya, ya mazishi ya mke wangu mwenyewe. Kwaya nzima imo. Yeye hayumo.

Nilimpigia binti yangu simu.

"Baba, alijua siku ileile," alisema. "Alijaribu kuzirudisha, zikakataa. Akaniomba nisikwambie."

"Nawe ukakubali?"

"Ni mume wangu, Baba."

"Na yule alikuwa mama yako."

Chinsoni, heshima ile inayomtenganisha Mkisii na mkwewe, inanizuia kumfokea. Siwezi kumwita mwongo mezani pangu. Nilichoweza ni kuiondoa programu yake na kuirudisha ile ndogo.

Walipokuja tena, binti alimimina chai. Niliwakaribisha ipasavyo, nikauliza habari za watoto, kisha nikaandika jina la faili iliyobaki. Ubeti wa pili ulipofika, pale ambapo soprano yake ilizoea kupanda peke yake, kwaya ilisita kama ilivyosita siku ile kaburini, kisha ikaendelea. Mkwe wangu aliweka kikombe chini.

"Tatabiara..."

"Kunywa chai, itapoa," nilisema.

Wimbo ulipokwisha, programu ilinyamaza, kama nilivyoiagiza. Nikaandika jina lilelile tena.