Betri za Taa ya Baba

Baba alikuwa na nafasi moja tu kwenye mtumbwi wa dagaa, na nafasi hiyo ilikuwa taa. Mikono yake haivuti tena wavu kama zamani, lakini kwetu Pasiansi, kando ya ziwa, mwenye taa huingia mtumbwini na taa yake. Taa ikifa usiku, dagaa hawaji, naye hana kazi majini. Nililijua hilo vizuri, ndiyo maana betri zilipochoka nikasema nitazibadilisha mwenyewe. Mimi si ndiye fundi? Nina meza na kibao barabarani.

Nilinunua betri nne mpya za kuchaji, nikaziunganisha kwa kuyeyushia risasi ya kulehemu kwenye vitako vyake. Risasi iligoma kushika, nikakandamiza chuma cha moto hadi ikakubali. Siku ya tatu Baba akarudi na taa kwapani.

"Fundi, imezimika hata dagaa hawajakusanyika."

Nikanunua nyingine, nazo zikafa. Nikamlaumu muuzaji. Kisha nikamgombeza Baba, kwa sababu alikuwa anaianika taa juani kando ya dagaa wa Mama ili ikauke maji.

"Betri si dagaa, Baba!"

Mpaka leo naona aibu kwa kelele zile.

Seti ya tatu ilipokufa hasira zilinipanda. Nikachukua betri moja, nikaimaliza chaji yote, nikavaa glavu, nikatoka nayo nje penye upepo na kuipasua. Ndani mna ukanda mrefu wa shaba na mwingine wa alumini, zote zimepakwa unga mweusi na kuviringishwa pamoja kama mkeka. Katikati yake upo utando mweupe, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kazi yake ni kuzuia kanda hizo zisigusane, basi. Na huyo aliyebuni kitu hiki ameushindilia mkeka huo wote hadi kitakoni, hakuacha upenyo hata kidogo. Nilimtukana sana mtu huyo nisiyemjua.

Kisha nikatazama upande wa kitako, pale pale nilipokuwa nakandamiza chuma changu. Utando ulikuwa umesinyaa kwa joto. Kanda zimegusana, pameungua. Betri zote hizo nilikuwa naziua mimi, mezani kwangu, kabla hazijaliona ziwa.

Nikanunua seti ya nne, nikaazima mashine inayobandika vibati vya kuunganishia betri kwa cheche moja ya haraka, joto lisipate muda wa kuingia ndani. Nikaiwasha taa asubuhi, na hadi jioni ilikuwa haijatetereka. Nikaipeleka nyumbani mbio. Baba alikuwa uani, anamsaidia Mama kuanua dagaa.

"Shikamoo, Baba. Imepona."

"Marahaba." Akaiwasha, akaizima, akaigeuza. "Kweli imepona. Ila wenzangu juzi wamepata mtu mwingine, ana taa yake."

Nilitaka kumwambia kosa lilikuwa langu, si la jua lake.

"Kaifunge kule chooni," akasema. "Mama yako huwa anajikwaa usiku."

Nikaifunga. Inawaka hadi leo.