Kona ya Bafu la Bofu

Najua utacheka. Cheka, lakini haya sikusimuliwa na mtu, yalinipata mimi mwenyewe mchana kweupe. Na mimi si mtu wa kutishwa ovyo: nilimaliza sekondari kwa masomo ya usiku, nikitoka kazini na vumbi la vigae kichwani, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa amenihakikishia kwamba majini hayapo. Nikamwamini kuliko nilivyomwamini nyanyangu.

Kazi yangu ni kufunga vioo vya bafu, vile vinavyotenga pahala pa kuogea ili maji yasitapakae. Nimefunga vingi hata vikipangwa vitafika Nairobi na kurudi.

Siku hiyo nilikuwa Bofu, huko Likoni, kwa Bi Mwanaisha, mjane aliyekuwa akimuoza bintiye. Alitaka bafu liwe tayari, maharusi wakae fungate kwake. Kioo kilisimama sawa. Taabu ilikuwa ukuta. Ulipinda chini, karibu na sakafu, ukaacha mwanya wa kupitisha kidole baina ya kigae na kioo. Si neno. Mwanya hujazwa silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, ukailainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Bi Mwanaisha akasema anapeleka mchele kwa jirani, akaniacha peke yangu. Jua la utosi. Nyumba kimya, nasikia hata mate yangu yakipita kooni.

Nikapiga magoti nje ya kioo, nikajaza silikoni, nikaanza kulainisha. Hapo nikaitwa.

"Fundi."

Sauti ya kike, ya upole. Nani asiyejua kwamba bafuni haitikiwi mtu asiyeonekana? Sisi hufundishwa hilo kabla ya kuota meno. Lakini pia hufundishwa kwamba ukiitwa uitike, na adabu ikaitangulia akili.

"Naam," nikasema.

Kidole kikashikwa.

Niamini, hakikukwama. Kukwama na kushikwa ni mambo mawili. Kioo kilikuwa safi, naona ndani kote, hakuna mtu. Lakini ncha ya kidole changu, iliyotokeza upande wa pili, ilikuwa imebonyea, nyama imekuwa nyeupe, kama inavyofinywa na vidole vya mtu. Nikavuta, nikavutwa. Kifundo kikalia. Nguvu nilizotoa zingeburura feri ya Likoni hadi nchi kavu. Bila kidole hiki nitalainisha nini, na wanangu watakula nini? Nikataka kusoma Ayatul Kursi. Wallahi yote imenitoka, nimebaki na bismillahi tu.

"Hapa ndipo ninapopita," sauti ikasema, sasa karibu na sikio. "Utafunga?"

"Sifungi."

"Na mwenye nyumba akikwambia?"

"Sifungi, bibi yangu. Nakuachia."

Kikaachiwa ghafla, nikaanguka chali. Silikoni ya kona ile nikaikwangua yote kwa kucha.

Bi Mwanaisha aliporudi nikamweleza. Hakunichekea. "Sema kazi imekushinda, fundi. Usinisingizie majini kwenye harusi ya mwanangu."

Akamleta fundi mwingine kutoka Changamwe, naye akaiziba kona ile vizuri kabisa. Usiku wa kuamkia harusi, wanawake wakimpaka biharusi hina, kioo kikapasuka chenyewe, chote, vipande kama chumvi ya mawe, vikamwagika mpaka ukumbini. Biharusi alikuwa ametoka kuoga muda si mrefu.

Asubuhi simu yangu ikalia. Bi Mwanaisha hakusema mengi. "Njoo uweke kingine, mwanangu. Na kona yake umwachie."

Nikamwachia. Maji yanavuja pale mpaka leo, na Bi Mwanaisha huyapangusa bila kulalamika.

Mimi nimebaki na kidole hiki. Kimekunjamana kama cha mtu aliyeshinda akifua. Nikianike juani, nikifunge kitambaa, hakikauki, na ni baridi. Mke wangu hataki nimguse mtoto nacho.

Basi nawe, kama bafuni kwako kuna kona ambayo fundi aliiacha wazi, na ukimuuliza anatazama chini, usimwite mwingine aje kuziba. Weka tambara, pangusa maji. Na kabla ya kuingia kuoga, piga hodi. Usingoje kukaribishwa.