Sanduku Lililofikia Magoti

Muzee Barthélemy alikuwa na vitu viwili ambavyo hakukubali mutu avisemee vibaya: marehemu mke wake, na sanduku la fusible, yaani fyuzi za umeme, lililokuwa kwenye ukuta wa korido. Lilikuwa sanduku la chuma, rangi ya kijani iliyobabuka, na ndani yake fusible nne za kauri nyeupe, zimepangana kama meno ya kwanza ya mutoto.

Alilikuta humo aliponunua nyumba, wakati bado anapakia maharagwe kwenye malori ya Butembo. Mwaka wa tisini na nne, wakimbizi walipojaa Goma mpaka uani kwake, aliacha taa ya nje ikiwaka ili akina mama waone pa kulaza watoto, na hakuna fusible iliyokatika. Kisha, mwaka elfu mbili na mbili, volkano ilishuka. Lava iliingia kwa mlango wa mbele bila kubisha hodi, ikajaza vyumba, ikafika chini ya sanduku ikasimama. Muzee aliporudi kutoka Gisenyi alikokimbilia, ng'ambo ya mpaka, alisawazisha lile jiwe, akamwaga simenti juu yake, akapandisha kuta, akapiga mabati mapya. Sanduku hakuligusa. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kimewekwa juu ya kichwa cha mutu mzima, ili watoto wasikifikie, sasa kilikuwa sawa na magoti.

"Si yeye alishuka," aliwaambia wageni. "Ni dunia njo ilipanda."

Katungu, mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi mitatu, dunia ilikuwa imempandia vizuri. Alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta, na kila alipofika kwenye sanduku alijitegemeza kwenye mlango wake, ambao haukufunga tangu zamani.

Mama yake, Charline, aliona. Charline aliona mambo mengi, lakini mukamwana hamwambii baba mukwe kwamba kitu chake kimezeeka. Lévi, mume wake, ndiye angesema, naye alikuwa amekwama Butembo na mizigo yake, barabara imefungwa na vita. Ikabaki njia ya wanawake wote walioolewa: kumsemesha mutoto.

"Katungu," alisema huku akimpangusa kamasi, Muzee ameketi karibu, "muulize babu kama hii mlango haiwezi kupata kufuli."

Muzee naye akamjibu mutoto. Kama mababu wote, alimwita mjukuu wake wa kike mke. "Bibi yangu, mwambie mama yako, kufuli ni ya kitu inataka kukimbia."

Katungu alitafuna kijiko.

Vita ilipopanda Masisi, shangazi yake Charline, Mama Annonciata, alikimbia kutoka huko, akalala wiki tatu chini ya shiti la plastiki kwenye kambi ya Kanyaruchinya. Muzee mwenyewe alipanda pikipiki kwenda kumchukua. Hakutaka kusikia kwamba jamaa ya mukamwana wake analala juu ya mawe. Annonciata hakuwa mutu wa kukaa bure. Alianza kukaanga beignets, maandazi ya kuuza, na kwa kuwa makaa yalikuwa yanatoka kulekule alikokimbia, na barabara imekufa, alitafuta réchaud, jiko dogo la umeme. Siku ya kwanza fusible ilikatika mara tatu.

Muzee alifurahi kupata kazi. Alivaa miwani, akapiga magoti mbele ya sanduku kama mutu anayeungama, akafunga uzi wa shaba palipokatika. Ilipokatika tena alifunga nyuzi mbili, kisha tatu zilizosokotwa. Mwisho akaweka musumari, na musumari haukukatika.

"Sasa iko na nguvu ya kweli," alisema.

Wa kwanza kugundua alikuwa paka. Alihama jikoni, akawa analala chini ya sanduku, mgongo ukutani. Wa pili alikuwa Annonciata, aliyeleta beseni la unga wake palepale ili uumuke haraka. "Ukuta wenu ni muzuri," alisema. "Iko na joto kama mugongo wa mutoto." Charline akaweka kiganja pale, kama anavyompima Katungu. Ukuta ulikuwa na homa.

Akamwita Modeste, fundi wa umeme aliyesoma naye shule ya msingi, aje kama mutu anayepita kusalimia. Modeste aliutazama ule musumari, kofia mkononi.

"Muzee, fusible inakatika ili nyumba isiungue. Hii musumari haitakatika. Tutie disjoncteur, ile inajizima yenyewe, tuipandishe juu."

"Hiyo disjoncteur ni ya nini? Chuma?"

"Plastiki, Muzee."

"Na volkano ikirudi?"

"Itayeyuka."

"Umesema mwenyewe," Muzee alisema, akamwongezea chai.

Juma lililofuata mapigano yaliangusha nyaya huko kaskazini, umeme ukakatika mji mzima. Hakuna aliyeshangaa. Kilichomsumbua Muzee ni kijiko chake cha chai, kilichokuwa cha marehemu mke wake, ambacho kilipotea siku hiyohiyo. Alikitafuta asubuhi nzima, kisha akamgeukia mjukuu, sauti ikiwafikia wote.

"Bibi yangu, mu hii nyumba hata vijiko vimekuwa vikimbizi."

Annonciata alikuwa anakanda unga wa kukaanga kwenye kuni za jirani. Hakuinua kichwa. "Katungu, mwambie babu mimi nilikimbia bila kijiko, na mikono yangu si mirefu." Siku mbili hakumsemesha Muzee, hata kwa njia ya mutoto, na Charline alimwona akikunja vitenge vyake kimoja kimoja, kama mutu anayefunga mizigo.

Siku ya tatu Charline alikuwa anafagia korido. Katungu alikuwa amesimama mbele ya sanduku, kipande cha beignet mkononi, anakiingiza ndani taratibu kama mama anayelisha. Charline akamnyanyua. Kisha akainama kutazama. Ndani mlikuwa na vizibo viwili vya chupa na, kando ya musumari, kijiko, kimesimama kati ya fusible kama jino la tano.

Alimbeba mutoto mpaka kwa Muzee.

"Katungu, muonyeshe babu pahali kijiko yake inalala."

Katungu alinyoosha kidole, mwenye fahari. Muzee akaja, akavaa miwani, akapiga magoti. Alikitazama kijiko, akamtazama mjukuu wake, akakitazama tena. Kisha akanyoosha mkono akichukue.

Wakati huohuo Charline akasikia watoto wakishangilia upande wa chini, halafu mtaa wa pili, halafu jirani. Goma nzima inajua maana ya kelele hiyo: umeme unarudi.

Mukamwana hamgusi baba mukwe. Charline alimshika baba mukwe kola, kwa mkono ule usiobeba mutoto, akamvuta kwa nguvu zote za mutu anayechota maji kila siku. Muzee akaketi chubwi ndani ya beseni la unga la Annonciata, lililokuwa bado kwenye korido nyuma yake. Papo hapo sanduku likalia kama bunduki, likatema cheche za buluu. Paka akapita juu ya vichwa vyao, na barabara nzima ikazimika tena.

Annonciata alisimama mlangoni. Alimtazama Muzee, akautazama unga wake. "Ulikuwa bado haujaumuka," alisema.

Muzee alibaki ameketi. Ukuta ulikuwa umeota doa jeusi.

"Bibi yangu," alianza, "mwambie mama yako..." Akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akamtazama Charline usoni.

"Mama Katungu. Ita Modeste."

Disjoncteur iliwekwa juu, karibu na dari. Siku ya kwanza, réchaud na pasi zikikutana, swichi yake ilianguka mara nne, na kila mara Muzee aliipandisha kwa ncha ya fimbo yake.

"Hii kitu ni mwoga," alisema.

"Mwoga njo analinda nyumba, Papa," Charline akajibu, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Muzee alikoroga chai kwa kijiko kilichoungua nusu, akampa Annonciata kikombe cha kwanza. Chini yao Katungu alikuwa ameshika ukuta, amesimama kwa ncha za vidole, mkono umenyooka juu kuelekea kile kitu cheupe kipya.

"Acha, bibi yangu," Muzee akamwambia. "Utakifikia volkano ikirudi."