Chumvi Aliyoombwa Nesta

Katika kijiji cha Itaka hapakuwa na mke aliyesemwa vibaya kuliko Nesta, mwaka ule mumewe alipokuwa anaumwa. Walisema anamnyima mume chumvi. Na kama yalivyo maneno ya watu, kila aliyeyapokea aliyaongezea yake kabla ya kuyapeleka mbele, hata ikafika kusemwa kwamba anamnyima na chakula chenyewe.

Mumewe aliitwa Lusubilo. Enzi za ujana wake, kabla malori hayajaanza kushuka bonde la Rukwa, alikuwa mpagazi wa chumvi. Alishuka na wenzake hadi Ivuna, mahali ambapo wanawake hukwangua udongo wa chumvi, huuchuja kwa maji na kuyachemsha maji yale mpaka yakauke. Wakishapata mizigo yao walipanda nayo ule mlima mkali kurudi nchi ya baridi ya Mbozi, wakibadilishana chumvi na ulezi na maharage. Kazi ile iliwachuja watu. Wengi waliianza, wachache waliizeekea.

Safari moja ya kiangazi Lusubilo alianguka katikati ya mlima. Walikuwa wametembea juani siku nyingi, wakila kidogo na kunywa maji mengi kila walipoyakuta, na jasho limemtoka mpaka likamkaukia mgongoni likawa jeupe. Ghafla mapaja yakakaza, kisha tumbo, kisha vidole vya mikono vikajikunja visifunguke. Wenzake wakadhani amerogwa. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima aliyeitwa Enoka. Alifungua mzigo wake mwenyewe, akakoroga chumvi kidogo katika uji, akamnywesha taratibu kivulini. Jua lilipopunguza ukali, Lusubilo alisimama kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo aliiamini chumvi kama wengine wanavyoamini dawa ya ukoo. Alisema mtu anayetokwa na jasho hana budi kurudisha alichopoteza. Nesta alipoolewa naye alilikuta neno hilo ndani ya nyumba, akalipokea. Akipika majani ya maboga alitia chumvi ya watu wote, halafu akatenga bakuli la mumewe na kuitia tena. Lusubilo naye akiletewa aliongeza kwa mkono wake kabla hajaonja. Hata wanafunzi wa misheni walipokuwa na mashindano ya mbio, aliwafuata uwanjani akiwagawia chumvi ya kulamba. Mmoja alitapika kabla hajafika mbali, na mwalimu akamwomba Lusubilo kwa upole asirudie, kwa kuwa watoto wale walikuwa wamekula kwao vizuri, na mbio zenyewe zilikuwa za kuzunguka uwanja tu. Lusubilo akacheka. Alisema mwalimu hajawahi kupanda mlima.

Miaka ikapita. Malori yakaleta chumvi ya dukani, upagazi ukafa. Lusubilo akapanda kahawa kama majirani zake, kazi ya kivulini na ya hewa baridi. Jasho likapungua, ila chumvi haikupungua. Binti yao wa pekee, Aida, aliolewa Chapwa, karibu na mpaka, wakabaki wawili.

Ugonjwa ulianza miguuni. Jioni ilivimba, asubuhi ikanywea, baadaye haikunywea tena. Akawa anapumzika mara mbili katika kijilima cha kwenda kanisani, na usingizi akaupatia ameegemea ukuta. Nesta alimpeleka zahanati ya misheni. Pale palikuwa na dresa, mganga msaidizi wa zahanati, aliyeitwa Jairo, kijana mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Jairo alibonyeza muundi wa Lusubilo kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale kama lililobonyezwa kwenye udongo mbichi.

Akamwita Nesta kando akamwambia aache kabisa kutia chumvi katika chakula cha mumewe.

Nesta alihisi kama ameagizwa kumuua. Akamsimulia Jairo yote, mlima, vidole vilivyojikunja, uji wa Enoka. "Mtu amefanya kazi maisha yake yote," alisema. "Bila chumvi atasimama na nini?"

"Mama, siku ile alikuwa kijana mzima, amechemka juani siku nyingi na tumbo tupu, anakunywa maji matupu," Jairo alimjibu. "Mtu wa namna ile chumvi kidogo humwinua. Lakini anayelima shamba lake na kula chakula chake, hata akitoka jasho, ile iliyomo chunguni inamtosha. Na huyu baba sasa moyo umechoka. Mwili wake hauwezi kuitoa chumvi, na ikibaki ndani inashika maji. Hayo ndiyo unayoyaona miguuni."

Nesta akatii. Chumvi yote iliyokuwamo nyumbani aliifunga akampelekea Loisi, mke wa Amoni, mdogo wake Lusubilo, ili yeye mwenyewe asije akashindwa na huruma.

Siku za kwanza Lusubilo alivumilia. Kisha akaanza kusukuma bakuli. Alisema maharage yana ladha ya maji ya mvua. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo lilimuumiza Nesta zaidi, maana alikula matonge machache, akanawa, akageukia ukutani. Baadaye akawa anajikongoja hadi kwa Amoni, na huko Loisi alimpikia alivyozoea. Alirudi ameshiba na uso umechangamka, na baada ya siku chache uvimbe ukapanda hadi magotini.

Nesta alikwenda kumsihi Loisi. Walikuwa wameishi kama ndugu wa tumbo moja tangu kuolewa, wakilima pamoja na kuzalishana.

"Dada," Loisi alisema, akiendelea kupepeta, "mume anaomba chumvi, siyo nyama ya ng'ombe. Mimi siwezi kumfukuza shemeji yangu mlangoni."

Hapo ndipo maneno yalipotoka, yakaenea. Amoni naye alikuja kukaripia, akauliza kama kaka yake amekuwa mtoto wa kuchaguliwa chakula na mwanamke. Nesta alisikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha ugali, naye akakataa kula.

Mvua za masika zilipoharibu njia, Lusubilo hakuweza tena kutembea hadi kwa mdogo wake. Alibaki mikononi mwa Nesta. Nesta alitafuta kila njia ya kukipa chakula kile ladha: nyanya za porini, pilipili, karanga alizozikaanga na kuzitwanga. Uvimbe ukashuka. Kiangazi kilipoingia, Lusubilo aliweza kukaa uani, na asubuhi kadhaa alisimama akapunguza matawi ya mikahawa iliyo karibu na nyumba. Nesta alidhani ameshinda.

Lakini baridi kali ya mwezi wa saba ilimrudisha kitandani, na safari hii kuacha chumvi hakukusaidia kitu. Pumzi ikawa fupi, midomo ikageuka rangi. Mchana mmoja Nesta alipomletea uji, Lusubilo alimshika mkono.

"Mama Aida," alisema, "nipe chumvi. Ya kulamba tu."

Kwa Amoni, ilikokuwa chumvi, palikuwa ng'ambo ya shamba tu, angeweza kwenda na kurudi uji haujapoa. Akasimama, akafika mlangoni, akakumbuka maneno ya Jairo. Akarudi akaketi.

"Ukipata nafuu, baba Aida," alimwambia.

"Basi," Lusubilo alisema, na hakuomba tena. Kesho yake adhuhuri akafa.

Msibani Loisi alilia kwa sauti kwamba shemeji yake ameondoka na njaa, na watu wakatazama chini. Aida, aliyekuwa amefika kutoka Chapwa, alitaka kumjibu mama yake mdogo, lakini Nesta akamvuta nguo.

Baada ya matanga Nesta alikwenda zahanati na kumuuliza Jairo neno moja: siku ile ya mwisho, angempa, ingemdhuru?

Jairo alitaka kumfariji. "Hapana, mama. Siku ile moyo ulikuwa umekwisha. Isingebadili lolote."

Alipouona uso wake akatambua alichokisema. Akaharakisha kumweleza kwamba bila uangalizi wake mzee asingekiona hata kile kiangazi, asingeishika mikahawa yake. Nesta aliitikia kila neno. Akamshukuru, akashika njia.

Aida alikaa naye hadi kahawa ilipovunwa, wakachuma wawili, na siku ya mwisho Loisi akaja na kikapu chake, akachuma nao. Nesta alimpa maji ya kunywa. Kisha Aida akamchukua mama yake kwenda kuishi naye Chapwa. Njiani, walipopumzika, alimwambia asijilaumu, kwani alimtunza baba vizuri kuliko mke yeyote.

"Nilimtunza," Nesta alisema. "Najua. Lakini aliniomba kitu kimoja."

Akajitwika mzigo wake, wakaendelea na safari.