Fundi wa Trei Aiona Keki

Mtaani walimwita Ngongongo, na jina lenyewe ndilo lilikuwa kazi yake. Tangu ujana alikaa kibandani kwake karibu na soko, anakata bati la alumini, anakunja, anagonga, mpaka majirani wakazoea kupiga soga kwa kupaza sauti. Alitengeneza ndoo, mabeseni, na zaidi ya vyote trei za kuokea keki. Lakini mganga hajigangi. Kwake walipikia mkaa, na keki aliyoijua ni kile kipande cha harusini kinacholetwa kwenye tishu. Trei zake zilikwenda zao, wala hakujua huko ziendako zinafanywa nini.

Mikono ilipoanza kutetemeka, binti yake wa mwisho alimchukua wakaishi wote. Jumamosi moja akamkuta binti jikoni, unga umemfika mpaka kwenye nyusi, na mezani trei mbili: moja nyeusi ya dukani, nyingine nyeupe ya alumini.

Mzee akaigeuza ile nyeupe. "Mkunjo huu wa kona ni wangu."

"Si ulinipa nilipoolewa, Baba? Umesahau?"

"Nilidhani ulishaitupa. Hii nyeusi mbona ndiyo inapendeza?"

Binti akacheka. "Inapendeza, lakini ina pupa hiyo! Inafyonza moto haraka; keki inaungua pembeni, katikati bado uji. Yako inapokea moto taratibu, keki inaiva sawasawa. Nyeusi naiwekea mkate, nikitaka ganda gumu."

Mzee akaiinua tena ile nyeupe. Miaka yote aliamini watu wanachukua trei zake kwa kukosa za dukani.

Binti akaipaka ile nyeupe siagi mpaka kwenye kona, akanyunyiza unga, akakung'uta uliozidi, akatandika karatasi chini tu. Akamimina rojo, likaishia nusu ya kimo cha trei.

"Mbona hujaijaza?"

"Subiri uone, Baba."

Mzee akavuta kigoda, akaketi mbele ya kioo cha oveni. Mwanzoni hakukuwa na jambo. Kisha rojo likatikisika ukingoni, likaanza kupanda, limeng'ang'ania kuta za trei kama mtoto anayejifunza kusimama. Katikati kukavimba. Mzee akavua kofia bila kujijua.

"Inapanda!" akanong'ona. "Mwanangu, njoo uone, inapanda yenyewe!" Mkono wake ukaenda kwenye mlango wa oveni.

"Usifungue, Baba! Itabonyea!"

Akaurudisha mkono upesi, akatulia tuli kama mtu aliye kwenye ibada.

Keki ilipotoka, binti akaiacha ipoe, akapitisha kisu pembeni, akaipindua. Ikashuka nzima. Mzee akainama, akakodoa macho. Ubavuni mwa keki, pande zote, kulikuwa na vishimo vidogo vidogo safu kwa safu. Yalikuwa mapigo ya nyundo yake, yamejichapa kwenye lile ganda la kahawia.

Akayapapasa kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Kumbe zote zile..." akasema. Alikuwa akiwaza majiko asiyoyajua, na watu wasiomjua waliokwisha kula kazi ya mkono wake.

"Nikukatie, Baba?"

"Ngoja kwanza. Acha niitazame."

Binti akakiweka kisu chini, akaketi kando yake. Chai ikapoa. Mzee alipokubali ikatwe, aliomba kipande cha ubavuni, kisha akaomba na kingine.