Kupe wa Ng'ombe, Mchawi wa Mwenye Ng'ombe

Kwenye duka la dawa hapa Nsemulwa, mfugaji mmoja aliyevaa kaptula alijikuna mpaka benchi zima tukaanza kujikuna.

"Nikila nyama ya ng'ombe jioni, usiku navimba midomo," alimwambia dada muuzaji. "Jirani ameniloga."

"Baba, kupe wanakuuma huko porini?"

"Kila siku. Nawang'oa tu."

"Huenda ndio waliokuletea mzio; kupe akikuuma, mwili unaweza kuanza kukataa nyama. Iache kwanza, nenda hospitali ukapimwe. Na porini vaa suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi."

"Joto lote hili?"

"Ng'ombe wako unawaogesha dawa ya kupe?"

"Kila wiki. Hawakosi josho."

Dada akamtazama magoti. Mfugaji akaivuta kaptula chini, haikufika.

Naandika haya bado najikuna. Ng'ombe akiumwa tunatafuta kupe; sisi tukiumwa tunatafuta mchawi.