Tumbo la Sadala wa Kwamsisi

Nimelala nyumba nyingi kati ya Handeni na Korogwe. Habari hii niliipata Kwamsisi, kwa Sadala na mkewe Mwantumu, huku kila mmoja akimkatiza mwenziwe.

Ilikuwa enzi ya Wadachi, gari la moshi limekwisha kufika Korogwe. Sadala alikuwa na tumbo la siku nyingi. Linajaa kama ngoma, linaunguruma mpaka watu wanageuka, halafu linamkata na yeye anakimbilia porini. Siku nyingine kimya, kisha linarudi, mwaka hata mwaka. Mtu akakonda.

Mwantumu alimhurumia. Walikuwa na mbuzi jike, basi tumbo likichafuka humkamulia maziwa, anamtilia kwenye uji. Lisipotulia, humwongezea.

Aliyeanza maneno ni Swaumu, dada yake Sadala, wa nyumba ya jirani. "Kaka, chungu ni kimoja. Mbona wewe peke yako unaumwa?"

Sadala akalala na neno hilo.

Kwetu Uzigua, mwenye kuleta chakula au pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni atulize moyo. Lakini ni kwa mgeni tu. Mume akimwambia mkewe aonje, ni kama amemwita mchawi. Siku moja Mwantumu alipomletea maziwa, Sadala akamwambia.

"Onja."

Mwantumu akacheka. "Umekuwa mgeni lini humu ndani?"

"Onja, nakwambia."

Akanywa nusu ya kata ya maziwa, akakaa kumtazama. Hakuumwa. Sadala akamalizia nusu yake, na haukupita muda akawa porini. Ungedhani hapo angemwacha mwanamke wa watu. Wapi! Akasema huyu amejikinga kwa dawa.

Shauri likafika kwa wazee. Wakaamua kwamba mavuno yakiisha, Mwantumu aape kwa maji ya moto: atie mkono katika chungu kinachochemka, atoe jiwe. Ngozi ikibabuka, basi ndiye mchawi. Akida wa Wadachi alikuwa amekataza mambo hayo, kwa hiyo yangefanywa porini, kimyakimya.

"Nitautia mkono wangu," Mwantumu alimwambia mumewe. "Ila tangu leo jipikie."

Sadala hakujipikia. Alikwenda Korogwe kukata mkonge, akapata pa kulala Manundu hukohuko, kwa Mshambaa mmoja Mkristo aitwaye Paulo na mkewe Yuditha. Huko alikula ndizi za kuchemsha na ugali kwa mchicha. Tumbo likatulia kabisa, mashavu yakajaa. Na kadiri alivyopona ndivyo alivyozidi kumchukia mkewe. Alijiambia, si unaona? Nimekaa mbali naye, nimepona.

Mavuno yakakaribia kwisha, akafunga mzigo wa kurudi. Siku hiyo nduguye Paulo akateremka kutoka milimani na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe. Yuditha akamjazia mgeni wake kata. Walikuwa bado wanaongea Sadala alipoinama akashika tumbo.

"Mmenitilia nini?"

Paulo akamgeukia mkewe. "Yuditha, umemtilia nini Mzigua wetu? Umemtilia ng'ombe?"

"Usicheke, bwana! Mke wangu amewafikia nyinyi."

"Alikuja na gari la moshi? Mbona hata salamu hakutupa?"

Yuditha hakucheka. "Shemeji, kwani kwenu ukinywa maziwa huwaje?"

Sadala akakimbilia nje. Hakuwaamini. Alipopata nafuu akaenda sokoni kwa bibi mmoja mwuza maziwa asiyemjua hata kwa jina, akamtaka aonje kwanza. "Mjukuu wangu," bibi akamwambia, "mimi nauza, sikubembelezi." Lakini akaonja. Sadala akanywa, na tumbo likamkata vilevile. Hapo ndipo alipoukumbuka mkono wa Mwantumu, akashika njia mbio mbio, kila penye kichaka akisimama.

Alifika chungu kiko motoni.

"Acheni!" akaita. "Ni maziwa. Maziwa yenyewe, ya mtu yeyote."

"Amemfunga akili kaka yangu," Swaumu akasema. Wazee wakaguna.

Mwantumu naye hakufurahi. "Hata mimi simwamini huyu. Leo maziwa, kesho atasema chumvi. Kama ni maziwa, akamuliwe mbuzi wa wifi yangu, na wifi mwenyewe akamue. Mimi nakaa kule."

Akaenda kukaa mbali, mikono juu ya magoti, watu wote wakiiona. Swaumu akakamua na kuonja, akampa kaka yake. Sadala akanywa yote. Wakangoja. Kwanza kimya. Baadaye tumbo likaanza kuunguruma, mpaka mzee mmoja mwenye masikio mazito akauliza kama mvua inakuja. Sadala akainuka, akatoweka vichakani.

"Haya, Swaumu," jumbe wa kijiji akasema. "Maji bado yanachemka. Utatia mkono gani?"

Watu wakaangua kicheko, chungu kikamwagwa. Mwantumu hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka zake, na Sadala alikwenda kumwomba mara nyingi mpaka akarudi.

Tumbo halikupona, ila amejua kuishi nalo. Ugali wa mtama, mlenda, kunde kidogo. Maziwa yaliyoganda anayaweza akiwa ameshiba, mabichi hagusi. Taabu ni ugenini: akikataa maziwa wenyeji hununa, wakidhani anawashuku, naye inambidi aeleze habari za tumbo lake mbele za watu.

Nilimwuliza Mwantumu kama amemsamehe.

"Anakula, analala," akanijibu. "Ila akishika tumbo tu, mzee wangu, mimi hutazama kwanza anamtazama nani."